Chifu na shefu ni neno moja: uzi kuhusu maneno ya Kifaransa yaliyomo ndani ya Kiingereza na namna yanavyotamkwa

#1 Mleta uzi

Wadau wa lugha, heshima kwenu.

Kila mara humu jukwaani kuna mtu anachekwa kwa sababu ametamka "debris" na s yake mwishoni, au "receipt" na p yake. Hunikera sana. Anayechekwa amefanya kile ambacho Kiswahili kilimfundisha tangu darasa la kwanza, kwamba herufi ikiandikwa itamkwe. Na wanaocheka, waulize kwa nini t ya "ticket" inasikika na t ya "ballet" haisikiki. Watakwambia Kiingereza ndivyo kilivyo, basi.

Jibu lipo, na lina utaratibu wake. Maneno ya Kifaransa hayakuingia kwenye Kiingereza siku moja. Yameingia kwa mafungu, kwa zaidi ya miaka 900, na kila fungu lilikuja na Kifaransa cha wakati wake. Huko Ufaransa lugha iliendelea kubadilika, na Uingereza nako ikabadilika kwa njia yake. Neno lililokwisha kuvuka bahari lilifuata mabadiliko ya wenyeji wake wapya. Kwa hiyo ukilisikia linavyotamkwa unaweza kukisia liliingia lini, na ukijua liliingia lini unaweza kukisia litatamkwaje. Hicho ndicho ninachotaka tukishike kwenye uzi huu.

Tuanze na jozi ninayoipenda kuliko zote, "chief" na "chef". Kwa asili ni neno moja la Kifaransa lenye maana ya kichwa, hivyo kiongozi. Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa waliosema Kifaransa, walipoivamia Uingereza mwaka 1066, ch ya Kifaransa ilikuwa inatamkwa kama ch yetu ya "chai". Ndivyo yalivyoingia "chief", "chair", "change", "charge", "chapel" na "chamber". Kufikia karne ya 13 Wafaransa wenyewe walikuwa wanailegeza ile ch, ikawa sh ya "shamba". Waingereza hawakuwafuata, maana maneno yale yalishakuwa yao. Karne nyingi baadaye wakaazima tena, safari hii na sh yake: "machine", "champagne", "brochure", "parachute", "chauffeur". Katika karne ya 19 likaja "chef", la jikoni. Neno lile lile likawa limeingia mara mbili kwa milango miwili.

J nayo ilipita njia hiyo hiyo. "Judge", "joy", "jail" na "gentle" zina j ya "jambo", kwa kuwa ndivyo Wafaransa wa zama zile walivyosema. Baadaye kwao ikalainika ikawa ile sauti iliyo katikati ya neno "measure", ambayo hapa nitaiandika zh. Ndiyo maana wageni wa karibuni kama "genre", "beige", "rouge" na "prestige" wana zh.

Sasa historia kidogo, msinichoke. Baada ya 1066 watawala, mabwana na majaji wa Uingereza walitumia Kifaransa kwa karibu karne tatu. Mwaka 1362 ikapitishwa sheria kwamba kesi zisemwe kwa Kiingereza, kwa sababu wananchi hawakielewi Kifaransa. Sheria yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa! Wakati huo maelfu ya maneno yalishazama kwa watu wa kawaida, wakulima na mafundi ambao hawakuwahi kusikia Mfaransa akiongea. Hao ndio walioyaviringa mdomoni mpaka yakawa ya Kiingereza. Hilo ndilo tabaka la kale.

Tabaka jipya lilianza kupata nguvu karne ya 17. Mfalme Charles II alirudi kutawala mwaka 1660, baada ya miaka ya uhamishoni ambayo sehemu yake aliishi Ufaransa, na mambo ya Kifaransa yakawa ndiyo fasheni: mavazi, mapishi, jeshi, dansi. Maneno haya yaliletwa na watu waliokijua Kifaransa na waliotaka ijulikane kuwa wanakijua. Hawakuyaviringa. Waliyabeba kwa vidole viwili.

#2 Mleta uzi

Naendelea kabla hamjaanza kuuliza, niwape kipimo cha irabu.

Kati ya miaka ya 1400 na 1700 hivi irabu ndefu za Kiingereza zilihama zote, moja baada ya nyingine. I ndefu ikawa "ai", u ndefu ikawa "au", a ndefu ikaishia kuwa "ei". Neno la Kifaransa lililokuwa limeshaingia lilihama pamoja nazo, na lililochelewa likakuta basi limeondoka. "Vine", "fine", "price" na "vice" zilikuwemo, leo zina "ai". "Machine", "police", "routine" na "marine" zilichelewa, zimebaki na "i". "Page", "cage" na "rage" zina "ei". "Mirage" na "massage" zina "a".

Kwa upande wa u, ushahidi tunao kwenye Kiswahili chenyewe. Kenya ina kaunti 47. Hiyo "au" ya kaunti imetoka kwenye "county", neno la Wanormani lililokuwa na u ndefu ikahamishwa, sawa na "crown", "mountain" na "doubt". Halafu chukua supu. Neno "soup" liliingia Kiingereza karne ya 17, uhamaji umeshapita, likabaki na "u" yake kama "group" na "coup", nasi tukaipokea hivyo hivyo. Kaunti na supu zote zina asili ya Kifaransa, na irabu zake zinakwambia ipi ni mkubwa.

Kipimo kingine ni ile oi. Kiingereza cha kabla ya Wanormani hakikuwa nayo. Imekuja na "joy", "noise", "voice", "choice", "point". Kwao Ufaransa oi iliendelea kugeuka, na baada ya Mapinduzi ya 1789 matamshi ya "wa" yakawa ndiyo rasmi. Leo Mfaransa akisoma "voix" na "choix" anasema vwa na shwa. Kwa hiyo Mwingereza anayesema "voice" ametunza kitu ambacho mwenye mali alikwisha kukitupa. Wageni wa karibuni ndio wenye "wa": "memoir", "reservoir", "repertoire", "bourgeois". Ukiliona neno lenye oi na hulijui, jiulize linanukia zama za ngome na mikuki au zama za saluni na hoteli. Mara nyingi utapatia.

#3 Mdau wa Bukavu

Ndugu mleta uzi, aksanti sana. Umenifungua macho. Sisi huku kiongozi wa kijiji tunamwita shefu, na mjini tuna shefu wa avenue. Ndugu zetu wa Tanzania wanasema chifu. Siku zote nilidhani ni maneno mawili, moja la Wabelgiji na moja la Waingereza. Kumbe ni neno moja tu, sisi tumelichota kwenye kisima cha sasa na ninyi mmelichota kwenye kile cha Wanormani.

Nina swali. Mimi nimesoma kwa Kifaransa tangu utoto. "Ticket" kwetu haina t mwishoni, tunasema tike. Waingereza wanaitamka t. Sasa ikifika "ballet" na "buffet", na wao wanaiacha. Je, ni tabaka zile zile?

#4 Mleta uzi

Karibu sana ndugu yangu. Mfano wako wa shefu umekaza mada kuliko nilivyoweza mimi.

Naam, ni tabaka zile zile. Kifaransa cha kale kilitamka konsonanti zake za mwisho, kisha kikaanza kuzidondosha kidogo kidogo. Maneno ya kale ndani ya Kiingereza yamezishika: "pocket", "target", "bonnet", "ticket". Yaliyokuja baada ya Wafaransa kuzinyamazisha yameingia na kimya chake: "ballet", "buffet", "bouquet", "depot", "debris", "rapport". Kuna jozi inayoonyesha vizuri sana, "corpse" na "corps". Zote mbili zimetokana na neno la mwili. Ya kwanza ni maiti, na p na s zake zinasikika. Ya pili ni kikosi cha jeshi, inatamkwa "kor" tu, p na s zote hakuna.

Tiketi yenyewe ina safari ya ajabu. Ilitoka Ufaransa ikiwa "étiquette", au umbo la kale la neno hilo, Waingereza wakaikata kichwa ikawa "ticket". Karne ya 19 Wafaransa wakaichukua tena kutoka kwa Waingereza, wakaiandika vile vile na kuitamka kwa kanuni yao, bila t. Ninyi mkapata tike, sisi tukapata tiketi. Bajeti nayo ni hivyo. Ilikuwa "bougette", kijifuko cha ngozi, ikaenda Uingereza ikawa "budget", ikarudi Ufaransa ikiwa waziri wa fedha anaisoma bungeni.

Jambo jingine ambalo wewe utaliona haraka kuliko sisi ni s iliyopotea. Kifaransa kiliacha kutamka s iliyokuwa mbele ya konsonanti, halafu katika maneno mengi kikaweka kile kikofia juu ya irabu kuonyesha pengo. Unaandika "hôpital", "forêt", "bête", "fête". Kiingereza kilikuwa kimeshachukua "hospital", "forest", "beast", "feast", s ikiwa hai. Na hapo kuna jozi ambayo kila mwanafunzi wa chuo Dar es Salaam anaitumia bila kuijua: hosteli na hoteli. "Hostel" ni la zama za kati, na s yake. "Hotel" ni neno lile lile likirudi karne kadhaa baadaye, s imeshafutika. Anayelala hosteli analala kwenye Kifaransa cha kale.

#5 Mwalimu wa sekondari, Tanga

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo marahaba. Nafundisha Kiingereza kidato cha pili. Haya ya herufi nimeyaelewa na nitayatumia. Lakini kinachowashinda wanafunzi wangu kuliko vyote si herufi, ni silabi. Mtoto anasoma "vegetable" ve-ge-ta-bo-li, "comfortable" kom-fo-ta-bo-li. Anahesabu kwa vidole na hesabu yake haitoki sawa na ya redio. Naomba utuguse na hapo, mkazo unakaa wapi na silabi zinakwenda wapi?

#6 Mleta uzi

Mwalimu, marahaba kama mimi ni mkubwa na shikamoo kama ni mdogo. Hapo umegusa mahali ninapopapenda kuliko pote, nivumilieni nikirefuka.

Sisi mkazo wetu unajulikana ulipo: silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi zetu karibu zote huishia na irabu. Kifaransa kinatupa uzito mwishoni mwa neno. Kiingereza cha asili, kama lugha nyingine za jamaa ya Kijerumani, kinaubwaga mwanzoni mwa shina: "FAther", "WAter", "MORning". Maneno ya Kifaransa yalipoingia yalikuja na uzito wake nyuma, kisha vizazi vikausukuma mbele.

Tunajua hivyo kwa sababu ushairi umetunza. Chaucer, mshairi wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1400, anaweka vina vya "corage" na "pilgrimage". Kwa Kiingereza cha leo ukivitamka kikawaida, "KA-rij" na "PIL-gri-mij", kina kinakuwa hafifu. Kwake yeye mkazo ulikuwa kwenye a, na ile e ya mwisho ilikuwa bado inasikika kidogo: ko-RA-je, pil-gri-MA-je. Soma tena taratibu. Ko-RA-je. Silabi tatu zote zimefunguka, mkazo wa pili kutoka mwisho. Mtoto wa Tanga angeitamka bila kufundishwa.

Halafu mambo mawili yakatokea. Ile e ya mwisho ilinyamaza kabisa, silabi moja ikaondoka. Kisha mkazo ukahamia mbele, na Kiingereza kina tabia moja mbaya: silabi isiyo na mkazo hakiilishi. Irabu yake inanyauka mpaka inakuwa kivuli, mara nyingine inakufa kabisa. Ko-RA-je ikawa KA-rij. Vi-LA-je ikawa VI-lij. "Marriage" ndiyo iliyoumia zaidi. Kwa Kifaransa cha kale ilikuwa ma-ri-A-je, silabi nne, leo Mwingereza anasema MA-rij, mbili tu. "Nation" ilikuwa na silabi tatu, na-si-ON, leo ni NEI-shn. Kwa hiyo mwalimu, "vegetable" haikukosewa na wanafunzi wako. Wameipa kila irabu haki yake. Mwingereza ndiye anayeila e ya katikati na kusema VEJ-ta-bl, na "comfortable" akasema KAMF-ta-bl.

Hiyo "bl" ya mwisho nayo naomba tuitazame kwa karibu, maana ndipo watoto wanapoongeza "boli". Katika "table" Kifaransa kilikuwa na ta-ble, e nyepesi mwishoni. E ilipokufa, b na l zikabaki zimegandana bila irabu, na mdomo wa Mwingereza haukuweza kuzifunga pamoja ndani ya silabi ya kwanza. L ikasimama yenyewe ikawa silabi: TEI-bl. Waambie wanafunzi kwamba jambo hilo wanalijua tangu kuzaliwa. Katika "mtu" m ni silabi kamili bila irabu yoyote, m-tu, na hakuna anayesema "mutu" akiwa Tanga. Basi l ya "table" inasimama kama m ya "mtu", ila yenyewe inasimama mwishoni. Wakilishika hilo, "boli" itaondoka yenyewe, na "people", "trouble", "simple" na "possible" zitanyooka pamoja nayo, zote za Kifaransa.

Na sasa sehemu inayonifurahisha. Maneno haya yalipofika kwetu, Kiswahili kiliyafungua tena. "Judge" ni silabi moja ya Kiingereza, imefungwa mbele na nyuma. Kwa Kifaransa cha kale ilikuwa ju-ge, mbili. Kwetu ni ja-ji, mbili. "Sausage" imetoka Kinormani ikiwa na silabi tatu, Waingereza wakaibana zikawa mbili, SO-sij, sisi tukarudisha tatu: so-SE-ji, mkazo ukarudi katikati ulikokuwa. "Station" ya silabi mbili ikawa ste-SHE-ni. "Jail" ikawa JE-la. Hatukukusudia kumrekebisha mtu, tulifuata kanuni zetu tu, lakini zimetuleta karibu na mahali Wafaransa wa zama za kati walipokuwa.

Tahadhari moja hapo: irabu zenyewe si za Kifaransa tena. Ile a ya jaji na ya bajeti ni alama ya Waingereza. U yao fupi iligeuka karne ya 17 ikakaribia a, ndiyo sababu "judge" tunaisikia na a. Katika "butcher" haikugeuka, midomo ya b iliilinda, nasi tukapata bucha na si bacha.

#7 Mdau wa Nairobi

Uzi mzuri, hongera. Lakini naomba nipinge kidogo. Ukiniuliza mimi, neno likiwa la Kifaransa heshima ni kulitamka kwa Kifaransa. Mtu akisema "garage" kwa j ngumu mwishoni, GA-rij, anaonekana hajasoma. Afadhali garaazh yake sawasawa. Vivyo hivyo na "restaurant", "croissant", "envelope". Kwa nini tufuate walioharibu badala ya wenyewe?

#8 Mleta uzi

Karibu sana mkuu, na upinzani kama huu ndio unaofaa. Lakini sikubaliani nawe, na nitakwambia kwa nini.

"Garage" iliingia Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 20 pamoja na magari. Ni mgeni kabisa, kwa hiyo tabaka lake lingetudai zh na mkazo nyuma. Marekani ndivyo walivyofanya, ga-RAZH. Uingereza waliivuta haraka kwenye mstari wa "village" na "courage", mkazo mbele, na wapo wanaosema GA-razh na wapo wanaosema GA-rij. Gereji yetu inatokana na hao wa GA-rij. Ukisema fundi wa gereji hajasoma, itabidi useme hivyo hivyo kuhusu kila anayesema "village" kwa j, maana nayo ilipita hapo hapo, ila iliwahi zaidi.

Mgawanyiko huo wa Uingereza na Marekani umerudiwa kwenye "ballet", "café", "brochure", "beret" na "debut": Mwingereza anapenda kuweka mkazo mbele, Mmarekani anauacha nyuma. Hakuna aliyeharibu. Na yapo yaliyogoma kila mahali, kama "hotel", "police", "machine" na "cartoon", pamoja na karibu yote yenye mwisho wa "-ee", "-ette" na "-ique". Hayo mkazo hauondoki nyuma hata Uingereza.

Kuhusu "restaurant" na "croissant", kuna kikwazo ambacho heshima peke yake haikiondoi. Kifaransa kina irabu zinazopitia puani, na Kiingereza hakina. Neno la kale lilitatuliwa kwa kuitamka n waziwazi: "count", "chance", "aunt". Neno jipya kila mtu analitatua kivyake. Ndiyo maana "croissant" Mmarekani anaimalizia na "sant" yenye t na Mwingereza anaimalizia na "song" ndogo. Ndugu yetu wa Bukavu akiitamka kwa irabu ya puani mbele ya mhudumu wa London, inawezekana akaombwa arudie.

Hatari kubwa ya njia yako, mkuu, ni kwamba mtu asiyejua Kifaransa akijilazimisha Kifaransa anaunda Kifaransa ambacho hakipo. Mfano ni "coup de grâce", yaani pigo la mwisho la kummaliza mtu. Waingereza wengi wamesikia kwamba Wafaransa hawatamki herufi za mwisho, basi wanasema "ku de gra". Mfaransa anaitamka ile c kama s, "gras", kwa sababu baada yake kuna e. Bila s inasikika kama "coup de gras", na "gras" ni mafuta. "Lingerie" ni hivyo hivyo: Wamarekani wengi wanaimalizia na "-rei", kana kwamba imeandikwa kama "ballet", wakati kwa Kifaransa ni "-ri". Na tabia imevuka mpaka hata nje ya Kifaransa. Wapo wanaosema Beijing kwa zh na Taj Mahal kwa zh, ilhali Kichina kina sauti iliyo karibu na j yetu na Kihindi kina j yenyewe. Zh imekuwa vazi la kuonyesha kwamba neno ni la kigeni, hata pale mwenye neno hana zh.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: neno la kale litamke kama Kiingereza bila haya, jipya lisikilize kwa watu unaoongea nao, na usimhukumu mtu kwa yote mawili.

#9 Mdau wa Nairobi

Sawa mkuu, nimekuelewa. Hiyo ya Beijing imenipata. Gereji ibaki gereji.

#10 Mwalimu wa sekondari, Tanga

Ahsante sana, hii ya m-tu na TEI-bl naingia nayo darasani Jumatatu. Nina mawili ya mwisho. "Receipt" imetajwa mwanzo na haijajibiwa: hiyo p ni ya tabaka gani, maana inaonekana ya kale na haitamkwi? Na la pili wananiuliza kila mwaka, "colonel" inatamkwaje "kernel"? Hapo hata mimi hunyamaza.

#11 Mleta uzi

Mwalimu, p ya "receipt" haina tabaka, kwa sababu haikuwahi kutamkwa na Mwingereza yeyote. Neno liliingia kutoka kwa Wanormani bila p. Baadaye wasomi waliokipenda Kilatini wakaona kwamba mzizi wa mbali una p, wakaichomeka kwenye maandishi. Vivyo hivyo b ya "debt" na ya "doubt". Kifaransa kilikuwa kimewapa "dette" na "doute". "Deceit" na "conceit" ni ndugu wa "receipt" ambao p haikudumu kwenye tahajia yao. Kwa hiyo mtoto akitamka p, mwambie herufi hiyo iliwekwa kwa ajili ya macho. Kiswahili hakikudanganyika: risiti haina p.

H nayo ilitendwa kinyume chake. Wafaransa hawakuitamka, na "hour", "honour", "honest" na "heir" zimebaki hivyo. Lakini katika "hospital", "host" na "humble" Waingereza waliiona imeandikwa, wakaishia kuitamka. "Herb" imewagawanya mpaka leo: Mwingereza anasema na h, Mmarekani bila h, na Mmarekani ndiye aliyebaki na namna ya zamani.

Sasa "colonel". Chanzo ni Kiitaliano, "colonnello", mkuu wa safu ya askari. Wafaransa walipoichukua, l mbili zilizokaribiana ziliwasumbua ulimi, na karne ya 16 walikuwa wanasema pia "coronel", r ikiwa mahali pa l ya kwanza. Waingereza waliichukua kwanza ikiwa na r. Kisha maandishi yakarekebishwa kufuata Kiitaliano, l ikarudi kwenye karatasi, na kwa muda matamshi yote mawili yalikuwepo. Mwisho wake r ikashinda mdomoni na l ikashinda kwenye tahajia. Silabi tatu za "co-ro-nel" nazo zikabanwa kama nilivyoeleza juu, irabu ya katikati ikafa, zikabaki mbili: KER-nel.

Waonyeshe hapo wanafunzi cheo hicho kwenye jeshi letu: Kanali. Ka-NA-li, silabi tatu, imefunguka yote, na ile l ya kwanza ya maandishi haimo. Neno limefuata mdomo wa askari wa Kiingereza, halikufuata karatasi yake.